Nani Anauliza Hali ya Mzee? Utangulizi wa Taaluma ya Ukaguzi wa Nyumba za Wazee

Tuseme mtu amekodi nyumba ya vyumba sita nje kidogo ya mji wa Machakos, upande wa Mumbuni, na anataka kupokea wazee kumi na wawili ambao watoto wao wako Nairobi, Mombasa au ng'ambo. Atahitaji leseni ya biashara kutoka kaunti. Bwana afya atakuja kutazama choo, jiko na maji, kisha atataka kuona cheti cha afya cha kila anayegusa chakula. Watu wa zimamoto watauliza mitungi ya kuzimia moto iko wapi. Ikiwa wenye nyumba ni kikundi cha akina mama, watasajiliwa kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Ikiwa kutakuwa na matibabu hasa, baraza linalosajili madaktari na vituo vya afya, KMPDC, litaingia pia, na muuguzi atakayeajiriwa lazima awe na leseni ya Baraza la Wauguzi. Faili itajaa karatasi. Na bado hakuna hata mmoja kati ya hao wote ambaye kazi yake ni kuuliza: saa nane za usiku, nyanya aliyepooza upande mmoja atageuzwa na nani?

Swali hilo ndilo mlango wa taaluma ninayokukaribisha. Inahusu jinsi serikali inavyoweka viwango vya utunzaji katika nyumba wanamoishi wazee wasiojiweza, inavyotuma watu kuvikagua, na inachofanya ikikuta vimevunjwa. Wa kuisoma ni wengi: muuguzi wa hospitali ya Machakos Level 5, mwanafunzi wa sheria au wa ustawi wa jamii, mwakilishi wadi anayefikiria kupeleka mswada katika bunge la kaunti, mchungaji ambaye ushirika wake unaendesha nyumba ya namna hiyo, na mtoto anayetafuta mahali pa kumpeleka mama yake. Sizungumzii zile hospitali ndogo za binafsi ambazo Wakenya huziita nasingi homu na ambako akina mama huenda kujifungua. Hizo zina wakaguzi wao tayari, na tutarudi kwao, kwa sababu ukaguzi wao una la kutufundisha.

Tuanze na katiba, maana kila hoja itaishia hapo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali kuhakikisha kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na wanapata utunzaji na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Mzee, kwa mujibu wa kifungu cha 260, ni yeyote aliyezidi miaka 60. Ni maneno mazito na nayaamini. Kazi yetu ni kuyashusha mpaka mahali ambapo mtu aliyeshika kalamu na fomu anaweza kuona kama yametimizwa au hayakutimizwa.

Ugumu unaanzia kwenye Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Vituo vya afya vya kaunti vimo. Vituo vya kulelea watoto vimetajwa kwa jina na kukabidhiwa kaunti. Nyumba za wazee hazikutajwa, na kifungu cha 186 kinasema kazi ambayo kaunti haikupewa ni ya serikali kuu. Kwa hiyo Machakos, kuanzia Mavoko hadi Masinga, ina maafisa wa afya ya umma walio chini ya gavana, na maafisa wa ulinzi wa jamii walio chini ya wizara iliyoko Nairobi, na mzee yuko katikati yao. Kwa maoni yangu hili litatuliwe kwanza, kabla hata ya kuandika kiwango kimoja. Wakigawana kazi vibaya, kila upande utadhani mwenzake ameshapita.

Watazame watoto. Sheria ya Watoto ya 2001, pamoja na kanuni zake za 2005, iliweka utaratibu wa kusajili na kukagua makao ya watoto, na Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto likapewa jukumu humo. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022. Sisemi kwamba makao ya watoto yote yamekuwa salama. Nasema kwamba jirani akisikia mtoto analia vibaya nyuma ya ukuta, kuna sheria ya kutajwa na kuna ofisi ya kwendea. Wazee walipata sera ya taifa mwaka 2009. Mwaka 2018 mswada wa utunzaji na ulinzi wao ulifikishwa katika Seneti. Na mwaka 2023, BBC Africa Eye ilipotoa picha zilizorekodiwa kwa siri katika nyumba ya wazee ya Thogoto, kaunti ya Kiambu, zikionyesha wazee wakitendewa ukatili na kukosa matibabu, nchi ilikuwa bado haina sheria ya Bunge iliyotungwa mahsusi kusajili na kukagua nyumba za aina hiyo. Ilibidi kamera iliyofichwa ifanye kazi ya mkaguzi.

Bara lenyewe limeshasema neno. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, ina kifungu cha 11 kinachohusu nyumba za wazee peke yake: mzee aende huko kwa hiari, gharama iwe ya kumudu, na utunzaji ufikie viwango vya chini vya kitaifa. Anayeandika viwango Kenya hana haja ya kutafuta uhalali mbali.

Hapa Machakos suala hili lina sura yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika kaunti hii, na nchini kote wenye miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.7. Wanaokaribia miaka 85 sasa ni kizazi kilichochimba matuta ya vilima vya Iveti na Kangundo kwa mwethya, vikundi vya kazi vya jirani kwa jirani. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu kizima mwaka 1994 kuonyesha jinsi watu wa wilaya ya zamani ya Machakos walivyoongezeka huku mmomonyoko wa udongo ukipungua. Mashamba hayo ndiyo yaliyosomesha watoto, na watoto wakafuata kazi. Wazee wengi bado wanatunzwa nyumbani, na mkaza mwana, na mjukuu, au na msichana wa kazi anayelipwa kwa M-Pesa. Wachache, na wanaongezeka, wanapelekwa kwenye nyumba za wazee.

Kupelekwa huko kuna aibu, na aibu hiyo ina uzito katika ukaguzi kuliko vitabu vinavyokiri. Majirani wakisema umemtupa mzazi, hutamtembelea mchana kweupe. Utatuma pesa na kuuliza kwa simu, na simu itapokewa na msimamizi. Ukisikia jambo baya hutalipeleka kwa chifu, kwa sababu utalazimika kueleza mama yako alifikaje kule. Nyumba isiyo na wageni ndiyo ya hatari kuliko zote. Kwa hiyo naomba mkaguzi wa Machakos aanze na kitabu cha wageni, aone kurasa ngapi ni tupu.

Sasa tuingie katika nadharia, kwa ufupi. Mwaka 1966 daktari mzaliwa wa Beirut, Avedis Donabedian, alichapisha makala ambayo bado ndiyo msingi wa fani hii. Alisema ubora wa huduma unaweza kutazamwa kwa njia tatu: vifaa na watu waliopo, kazi inavyofanywa, na matokeo kwa mgonjwa. Ukaguzi mwingi wa serikali, Kenya na kwingineko, unakwama kwenye hiyo ya kwanza kwa sababu ni rahisi. Kitanda kinahesabika. Mtungi wa kuzimia moto una tarehe. Kumsubiri mzee ale mpaka amalize kunachukua dakika arubaini, na hakuna anayekulipa kutazama.

Hebu tumfuate chumbani mkaguzi anayeijua kazi yake. Haanzi na faili ya ofisini. Anaangalia kikombe: kipo, kina maji, mkono wa mzee unakifikia? Mzee anayeweza kunywa lakini kikombe kiko dirishani atakaukiwa maji kana kwamba kisima hakipo. Kisha anaomba ruhusa na kufunua blanketi atazame visigino. Aliyelala bila kugeuzwa kwa muda mrefu hupata vidonda vya malazi kwenye visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo, na vizazi vya wauguzi vimefundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Vitabu vya Ulaya vilimzoeza mkaguzi kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Utaona pengine weusi uliozidi au rangi ya zambarau, na mara nyingi mkono hugundua kabla ya jicho: pale pana joto au baridi kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au palegevu. Kiwango kilichonakiliwa kutoka London bila sentensi hiyo kitampita mzee wa Masii hali kidonda kimeshaanza kujitengeneza chini ya ngozi.

Baada ya visigino, mizani. Marekani huhesabu kuwa ni dalili ya hatari mzee akipoteza asilimia 5 ya uzito wake kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita. Kwa nyanya wa kilo 50, asilimia 5 ni kilo mbili na nusu. Mizani ya kawaida na daftari la kurasa 96 vinatosha kuligundua hilo, na nyumba isiyo na daftari hilo haina kisingizio cha umaskini. Kisha daftari la dawa. Dawa ya saa mbili usiku ikikutwa imeshawekewa vema saa nane mchana, mkaguzi amepata jibu. Vema za wiki nzima zikiwa za kalamu moja na mkono mmoja, huku daftari la zamu likitaja watu watatu, amepata jibu jingine. Kisha anatafuta leso. Mzee aliyefungwa leso kiunoni akashikizwa kwenye kiti ataambiwa kuwa ni kwa usalama wake, asianguke. Huenda aliyemfunga anaamini hivyo. Lakini mzee aliyefungwa hudhoofika miguu, hujikojolea kwa kukosa wa kumfungua, na huumia akijaribu kujinasua.

Mwisho mkaguzi anavuta kiti, anaketi usawa wa macho ya mzee, anamwamkia kwa Kikamba, na kuzungumza naye bila msimamizi kuwapo. Anauliza mambo madogo: jana ulikula nini, ukiita usiku anakuja nani, nani anakuogesha na anakuogeshaje, pesa zako za Inua Jamii zinapokelewa na nani. Hilo la mwisho lisikosekane. Shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango huo wa serikali si nyingi, lakini ni zake, na anayezishika bila kumwambia ameshaanza kumwondolea hadhi ambayo kifungu cha 57 kinaitaja. Mzee aliyepoteza kumbukumbu pia aulizwe. Atakosea tarehe na majina, lakini mtunzaji fulani akiingia chumbani utamwona ananyamaza na kukunja mabega, na hilo nalo liandikwe kwenye ripoti.

Historia ya wengine inafaa kusomwa. Uingereza ilipata mshtuko mwaka 1962 pale Peter Townsend alipochapisha kitabu chake The Last Refuge, baada ya yeye na wenzake kutembelea nyumba 173 za wazee Uingereza na Wales, baadhi zikiwa katika majengo ya zamani yaliyojengwa kwa ajili ya mafukara. Marekani ilianza kulipia utunzaji huu kwa fedha za umma mwaka 1965, ikaona pesa zinakwenda na wazee wanaendelea kuteseka, na mwaka 1987 Bunge lake likapitisha sheria iliyobadilisha mambo: mkaguzi aje bila taarifa, asichelewe zaidi ya miezi 15 tangu ziara iliyopita, azungumze na wakaazi wenyewe, na mtunzaji msaidizi asomeshwe saa zisizopungua 75. Kumfunga mzee kukawa jambo la kutolewa sababu za kitabibu, na desturi hiyo ikapungua sana.

Hapo kuna ubishi ambao kila mwanafunzi wa fani hii hana budi kuupitia. John na Valerie Braithwaite, pamoja na wenzao, walilinganisha Marekani, iliyokuwa na vipimo zaidi ya 500, na Australia ya wakati ule, iliyokuwa na viwango 31 tu vilivyoandikwa kwa maneno mapana. Mtu angetarajia orodha ndefu imfunge mkaguzi asipotoke. Waligundua kinyume: wakaguzi wa Australia walikubaliana zaidi katika hukumu zao, kwa sababu viwango vichache viliwalazimu kuizungumzia nyumba nzima, na wazee, na wafanyakazi, badala ya kukimbizana na fomu. Naegemea upande wao. Kaunti yenye maafisa wachache ikikabidhiwa vipimo 500 itaweka vema bila kutazama. Lakini niseme pia kwamba Australia haikuishia pazuri: mwaka 2018 iliunda tume ya kifalme kuchunguza utunzaji wa wazee, na ripoti ya 2021 ilikuwa ya kuhuzunisha. Viwango vizuri huchakaa vikikosa wa kuvisimamia.

Karibu nasi zaidi kuna Life Esidimeni. Mwaka 2016 mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini, uliwahamisha wagonjwa wa akili zaidi ya elfu moja kutoka taasisi iliyowatunza kwa miaka, ukawagawa kwa mashirika madogo ili kupunguza gharama. Wagonjwa 144 walikufa. Msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, alitoa ripoti mwaka 2017 akionyesha kwamba mashirika yote 27 yalikuwa na leseni batili. Wahanga wale hawakuwa wakaazi wa nyumba za wazee kwa maana tunayoitumia hapa, ila mkondo wa mambo ni uleule: watu wasioweza kujitetea, karatasi iliyotiwa sahihi na ofisi ya serikali, na hakuna aliyekwenda kuona vitanda. Ukiwaza kufunga nyumba mbaya hapa Machakos, fikiria kwanza wazee wale watalala wapi usiku huo.

Tanzania wamechukua njia nyingine: serikali yenyewe inaendesha makazi ya wazee, kama ya Nunge kule Kigamboni, na Zanzibar ina Sebleni na Welezo, pamoja na pensheni kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, iliyoanza 2016. Ni mfano wa kuheshimiwa, na una swali lake gumu, kwamba serikali inayomiliki nyumba inajikagua vipi.

Niliahidi kurudi kwenye hospitali. Wizara ya Afya ya Kenya, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliwahi kujaribu ukaguzi wa pamoja wa vituo vya afya katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru. Vituo zaidi ya elfu moja viliingia, vya umma na vya binafsi. Badala ya kila baraza kuja na fomu yake, mkaguzi mmoja alikuja na orodha moja yenye alama, kila kituo kikaambiwa kimepata ngapi na lazima kirekebishe nini, na kwa baadhi yao matokeo yakabandikwa mlangoni wagonjwa wayaone. Usalama wa wagonjwa ulipanda, bila wagonjwa kulipishwa zaidi wala kuacha kutafuta matibabu. Huo ni ushahidi wa Kenya, kutoka kaunti zenye barabara, bajeti na wafanyakazi kama wetu. Anayedai kwamba ukaguzi mzuri ni anasa ya nchi tajiri ausome kwanza.

Hazina nyingine tuliyo nayo haimo katika maktaba. Wakenya wengi, wakiwamo wana na mabinti wa Ukambani, wamefanya kazi katika nyumba za wazee za Marekani na Uingereza. Wanajua wakaguzi wakiingia bila taarifa nyumba hubadilikaje kwa dakika kumi, msimamizi huficha nini kwanza, na maswali gani hayakwepeki. Ujuzi huo hutajwa kwenye mazungumzo ya harusi na matanga, kisha unapotea. Ningependa kuona wanafunzi wakiuandika. Vilevile wapo wahamasishaji wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa nchini mwaka 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao. Wakiongezewa maswali matano kuhusu mzee anayetunzwa na mtu wa kulipwa, watatuonyesha utunzaji wa majumbani ambao hakuna ofisi inayouona leo.

Katika fani hii utakuta waandishi wasiokubaliana. Wapo wanaotaka faini kali na mahakama. Wapo wanaosema nyumba nyingi zinaendeshwa na watawa au akina mama wa kanisa kwa michango, na ukiwatisha watafunga. Mimi naamini mkaguzi aanze kwa kufundisha na aweze kuishia kwa kufunga, na kila msimamizi ajue tangu siku ya kwanza kwamba hatua zote mbili zipo. Jambo moja tu nisingelijadili: ziara ziwe za ghafla, na baadhi ziwe za usiku.

Unapoanza kusoma, chukua karatasi uandike viwango visivyozidi kumi na viwili vya nyumba moja ya wazee unayoijua, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, baada ya kuzungumza na wanaoishi humo na wanaowaogesha. Mbele ya kila kiwango andika kitatazamwa kwa jicho, kwa mkono au kwa swali, na afisa wa serikali ipi. Kisha wapelekee karatasi hiyo bwana afya wa kaunti ndogo yako na afisa wa ulinzi wa jamii, siku moja, chumba kimoja.